Kabla ya Tingatinga Kufika Mtoni

Mhadhara wa umma, Eldoret



Katika Mlima Elgon, upande wetu wa Kenya, kuna chura ambaye wataalamu hawajamwona tangu mwaka 1962. Jina lake la kisayansi ni Arthroleptides dutoiti. Aliyemtambulisha kwa ulimwengu, mwaka 1935, ni Arthur Loveridge wa Chuo Kikuu cha Harvard, aliyezunguka Afrika Mashariki kwa miaka mingi akichunguza vyura, nyoka na mijusi. Chura huyu ni wa mito ya kasi, kule juu ya mita 2,000, na hajawahi kupatikana mahali pengine popote duniani. Shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, limemweka katika kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka.

Kutoka hapa hadi Suam, mpakani na Uganda, ni kilomita zipatazo 115 kupitia Kitale na Endebess. Mwaka 2017 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha fedha za mradi mmoja wenye vipande vitatu: kilomita 73 za barabara kutoka Kapchorwa hadi Suam upande wa Uganda, kilomita 45 kutoka Suam hadi Kitale, na baipasi ya Eldoret yenye kilomita 32 ambayo wengi wenu mnaipita. Kwa hiyo lami iliyopunguza msongamano wa malori katika mji huu, na lami inayozunguka miguu ya Mlima Elgon, zilitoka kwenye mkoba mmoja.

Sikuja kuilaumu barabara hiyo. Chura wa Elgon alikuwa hajaonekana kwa zaidi ya nusu karne kabla mkandarasi wa kwanza hajapiga kambi. Nimekuja kuzungumzia mpangilio wa kazi: nini kitangulie, nini kifuate. Kwa mazoea yetu, mstari wa barabara huchorwa, mahali pa bwawa huchaguliwa, fedha hutafutwa, na mwishoni ndipo huitwa mtu wa viumbe aje kuandika sura yake katika ripoti. Mimi nasema mtu huyo aende mtoni kwanza. Na ili mwone kwamba jambo hili lina gharama ya kweli, nitawapeleka kusini mwa Tanzania.

Mto Kihansi unashuka kutoka milima ya Udzungwa kuelekea bonde la Kilombero. Unapofika ukingoni mwa mlima hauteremki polepole, unajitupa. Maporomoko yake yanafuatana ngazi kwa ngazi, na jumla ya mteremko huo ni mamia ya mita. Kwa mhandisi wa umeme hapo ni mahali pa neema: maji mengi, mwinuko mkali, umbali mfupi. Tanzania ya miaka ya tisini ilikuwa na njaa ya umeme, ikikatiwa kila ukame ulipopunguza maji katika mabwawa ya zamani. Benki ya Dunia na wafadhili wa Ulaya wakakubali kugharamia mradi wa megawati 180, mitambo mitatu ya megawati 60 kila mmoja, iliyojengwa ndani ya mlima.

Ujenzi ulikuwa umeshaanza pale watafiti walipoingia kwenye korongo lenyewe, chini ya maporomoko, mwaka 1996. Huko wakakuta mahali ambapo mvua hainyeshi kutoka juu tu. Maji yanayopasuka juu ya mwamba yalitoa manyunyu usiku na mchana, mwaka mzima, na upepo wa maporomoko ukayasambaza juu ya majani mafupi na kuvumwani zinazofunika mteremko. Humo waliishi vyura wa rangi ya dhahabu. Dume hafiki sentimita 2, jike hafiki 3. Hawatagi mayai majini kama tulivyofundishwa shuleni. Jike hubeba mimba na kuzaa watoto walio vyura kamili, kila mmoja na urefu wa milimita zipatazo 5. Makazi yao yote duniani yalikuwa takriban hekta 2. Shamba la mahindi la mkulima wa kawaida hapa Uasin Gishu linaweza kuwameza wote na nafasi ikabaki.

John Poynton, Kim Howell wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walimwandika rasmi kwa jina la Nectophrynoides asperginis. Watanzania wenyewe wanamwita chura wa Kihansi tu. Wakati huo ujenzi ulikuwa unaendelea. Mwaka 2000 mitambo ikawashwa, na zaidi ya asilimia 90 ya maji ya mto yakaingia kwenye mabomba badala ya kuruka ukingoni. Manyunyu yakanyamaza. Majani yaliyozoea kulowa yakakauka, magugu ya nchi kavu yakaanza kuteremka kutoka kingoni, wadudu wadogo waliokuwa chakula cha vyura wakapungua.

Kilichofuata ni juhudi ninazoziheshimu. Tanzania ilitunga mradi maalum wa kulinda korongo lile. Vikajengwa vinyunyizio: mabomba yaliyochota maji juu na kuyashusha kwa nguvu ya mteremko, bila umeme, hadi kwenye vichwa vidogo vilivyotawanya manyunyu ya bandia. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walichukuliwa wakapelekwa bustani ya wanyama ya Bronx, New York, na kutoka huko wakagawiwa bustani nyingine za Marekani. Nyingi zilishindwa. Kulisha mnyama wa sentimita 2 anayekula wadudu wanaokaribia kutoonekana, kumpa mwanga unaofaa, kumkinga na minyoo na maambukizi, ni kazi ya kuvunja moyo, na kufikia mwaka 2004 waliobaki katika bustani zote hawakufika 100. Bronx na Toledo ndizo zilizoweza kuwafufua.

Korongoni nako, kwa muda, mambo yalionekana kuwa mema. Katikati ya mwaka 2003 vyura walihesabiwa kwa maelfu, na waliobuni vinyunyizio walikuwa na haki ya kufurahi. Halafu katika miezi michache wakaisha. Mapema mwaka 2004 watafiti waliopekua majani yale waliona vyura wa kuhesabika kwa vidole. Vipimo vilionyesha ugonjwa wa ukungu uitwao kitridi, unaoshambulia ngozi ya chura na kumwua kwa sababu chura hunywa na kupumua kwa ngozi. Wako watafiti waliotaja pia dawa za mashamba zilizokuwa zimejikusanya katika tope la bwawa, ambalo lilifunguliwa mwaka 2003. Mwaka 2009 IUCN ikatangaza kwamba chura wa Kihansi ametoweka porini.

Miaka ipatayo kumi kutoka kuandikwa kwake hadi kutangazwa hayupo. Mwaka 2010 vyura 100 walirudishwa Dar es Salaam kwa ndege, wakatunzwa katika maabara ya Chuo Kikuu, na mwaka 2012 wengine wakaanza kuachiliwa tena korongoni, chini ya vinyunyizio. Watanzania wengi waliuliza, na nawaelewa, inakuwaje fedha nyingi kiasi hicho zitumike kwa chura wakati zahanati hazina dawa.

Swali lao ni la haki, ila nalielekeza kwa mtu mwingine. Fedha hizo hazikutumika kwa sababu chura alikuwa na gharama. Zilitumika kwa sababu aligunduliwa kwa kuchelewa. Tuseme korongo lile lingepekuliwa miaka minne mapema, kabla ya kuchagua mahali pa banio. Mhandisi angekuwa na karatasi nyeupe mbele yake. Angeweza kupanga kiasi cha maji kitakachoachwa mtoni tangu mwanzo na kukiingiza katika hesabu ya umeme, au kupunguza ukubwa wa mtambo, au kuhamisha banio. Baada ya handaki la maji kuchimbwa na mikopo kutiwa saini, kila lita iliyoachwa kwa ajili ya vyura ilikuwa lita iliyoibiwa kwa mwenye deni. Hapo ndipo vinyunyizio na ndege za New York zinapoingia. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu analipiwa ada hadi leo.

Sasa turudi kwetu. Mto Suam, unaozaliwa Elgon, ukiteremka kaskazini unaitwa Turkwel. Bwawa la Turkwel lilikamilika mwaka 1991: ukuta wa zege uliopinda, wenye urefu wa mita 153 kwenda juu, na mitambo ya megawati 106. Mamlaka ya Maendeleo ya Bonde la Kerio, ambayo jengo lake mnaliona kila siku hapa mjini, ndiyo iliyousimamia mradi huo. Sheria yetu ya mazingira, ile inayodai tathmini ya athari kabla ya ujenzi, ilikuja mwaka 1999, miaka minane baadaye. Kisha ikaja habari ya mabwawa ya Arror na Kimwarer, yaliyopangwa kujengwa Elgeyo Marakwet, ambayo mikataba yake ya mwaka 2017 iliishia mahakamani. Nchi nzima ilijadili fedha, na ilikuwa haki zijadiliwe. Lakini jaribuni kukumbuka ni mara ngapi katika miaka ile mlisikia redioni mtu akieleza kinachoishi ndani ya Mto Arror. Mradi wa bwawa ukifufuliwa kesho katika ukingo wa Kerio, tutaanzia wapi?

Tunaishi kati ya minara miwili ya maji, Cherangani na Elgon. Maji mnayokunywa hapa yanatoka sehemu kubwa kwenye bwawa la Chebara katika Mto Moiben, na kwenye bwawa la Two Rivers, pale mito ya Ellegirini na Endoroto inapokutana na kuwa Sosiani. Viumbe wa vijito hivyo hawaishi mbali na mabomba yetu. Chura hunywa kwa ngozi. Maji yakiharibika, yeye anaweza kuumia mapema. Duniani kote, spishi 2 katika kila 5 za amfibia ziko hatarini, kiwango kibaya kuliko cha ndege na cha wanyama wanaonyonyesha.

Hebu niwaeleze kwa karibu barabara inafanya nini kwa kijito cha mlimani, kwa kuwa watu hudhani madhara ni chura kukanyagwa na gari. Ndugu wa chura wetu wa Elgon wako hai katika milima ya Usambara na kwingineko Tanzania, na kwao tunajifunza. Mkubwa hukaa juu ya mawe yanayorushiwa maji, vidole vyake vina visahani vya kushikilia. Viluwiluwi wake hawaogelei dimbwini. Wanajibandika kwenye uso wa mwamba uliolowa, mahali ambapo maji ni utando mwembamba tu, wakikwangua mwani kwa vinywa vyao. Ukimulika tochi usiku unawaona wakiserereka juu ya jiwe, wakiwa nusu ndani ya maji na nusu nje.

Sasa mkandarasi anakata mlima mita 200 juu ya hapo. Udongo mwekundu unarundikwa kando. Mvua ya Aprili inakuja na kuubeba hadi kijitoni. Tope haliui kiluwiluwi kwa sumu. Linafunika mwani, na jiwe lililokuwa malisho linakuwa sakafu tupu. Kalvati nalo likiwekwa juu mno, maji yanaanguka kutoka mdomo wa bomba na kuchimba shimo chini yake, na kijito kinakatika vipande viwili ambavyo viumbe wake hawawezi kuvukiana. Machimbo ya mawe yanafunguliwa palepale penye mwamba, maana mwamba ndio unaotafutwa. Mifereji ya kando inakusanya maji ya kilomita nzima na kuyamwaga mahali pamoja. Kila kimoja kati ya hivi kina dawa inayojulikana na wahandisi waliomo humu: mitego ya tope, daraja dogo badala ya bomba, kalvati lililozamishwa chini ya kitanda cha mto, rundo la udongo kuwekwa mbali na mteremko. Dawa hizo ni rahisi zikiwa kwenye mchoro wa kwanza. Zikiletwa baada ya zabuni huitwa kazi za ziada, na kazi za ziada hukatwa fedha zinapopungua.

Na uchunguzi wenyewe? Hapa nitakuwa mkali. Tathmini nyingi hufanywa kwa haraka, mara nyingi mchana, mara nyingi kiangazi, barabara ikiwa inapitika. Mtu anayetafuta vyura mchana wa Januari katika vijito vya Endebess atarudi na orodha fupi, na orodha hiyo itasomwa kama ushahidi kwamba hakuna kitu. Madume hulia msimu wa mvua, usiku. Kwa mito ya mlimani, sauti ya maji huwafunika hata wanapolia, hivyo inabidi utembee ndani ya mto na tochi, jiwe kwa jiwe, ukipekua nyuma ya maporomoko. Siku hizi kuna msaada: lita chache za maji ya mto zikichujwa, maabara inaweza kutambua mabaki ya DNA ya wanyama waliomo. Vinasa sauti vinaweza kuachwa msituni kwa wiki nzima. Lakini hakuna chombo kinachoweza kuchukua nafasi ya misimu miwili ya mvua.

Wanaosema kwamba nchi yetu imeshachunguzwa vya kutosha wakumbuke Mlima Kenya. Mwaka 2015, watafiti waliokuwa Chogoria walimpata chura mmoja tu, ambaye hakufanana na chochote kilichoandikwa kabla. Baadaye uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba ukoo wake ni wa kale, wa miaka mingi kuliko mlima wenyewe. Wakampa jenasi yake peke yake, Kenyaphrynoides. Hayo ni katika mlima ambao wataalamu wamekuwa wakiupanda kwa zaidi ya miaka mia moja.

Ninajua linalosemwa huku nyuma. Mama mjamzito wa kijiji cha mpakani hawezi kungoja chura apatikane ndipo apate barabara ya kwenda hospitali. Mkulima wa Endebess anauza mahindi kwa bei ya dalali kwa sababu lori halifiki. Nakubali kila neno. Barabara ile ilihitajika, na mtu anayepinga barabara za wakulima kwa jina la vyura hana rafiki ndani yangu. Misimu miwili ya mvua ni muda mfupi kuliko ule unaotumika kutafuta mkopo. Uchunguzi ungefanywa sambamba na upembuzi yakinifu, usingechelewesha hata siku moja.

Nina hofu ya upande wa pili pia, na nitaisema wazi. Katika nchi hii uhifadhi umewahi kutumiwa kama rungu. Mwezi Januari 2014 nyumba za Wasengwer zilichomwa katika msitu wa Embobut, huko Cherangani, kwa jina la kulinda chemchemi. Ogiek wa Chepkitale, Mlima Elgon, wamepigania ardhi yao kwa miaka mingi mahakamani. Sitaki chura wa Elgon awe sababu mpya ya kumfukuza mtu. Hao ndio wanaojua kijito kipi hakikauki na ni wapi vyura hulia baada ya radi ya kwanza. Timu ya uchunguzi isiyo na mtu wa Chepkitale ndani yake, anayelipwa kama mtaalamu na si kama mbeba mizigo, imejipunguzia macho yenyewe.

Sheria ipo. Ibara ya 69 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ilinde bayoanuwai na iweke mifumo ya tathmini ya athari kwa mazingira. Ibara ya 70 inamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kudai haki ya mazingira safi, bila kulazimika kuonyesha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Kwa chura, maneno hayo ya mwisho ni makubwa: hawezi kushtaki, lakini wewe unaweza kwa niaba ya mto wake. Na sheria hii huuma. Juni 2019 Mahakama maalum ya Mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, mradi wa megawati 1,050, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa hapa Eldoret.

Kinachonisumbua ni kwamba mtaalamu anayeandika tathmini huajiriwa na kulipwa na mwenye mradi. Ninawafahamu wataalamu waaminifu katika kazi hiyo, na ninajua wanavyobanwa: wiki mbili, gari moja, na simu ya kila jioni ikiuliza ripoti iko wapi. Ningependa fedha za uchunguzi wa viumbe zipitie NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, mwenye mradi alipe huko, na NEMA ndiyo imteue mchunguzi na kumpa misimu yake. Ningependa pia ripoti hizo zikubali maneno "hajaonekana bado" badala ya "hayupo". Chura wa Elgon hajaonekana bado.

Nimalizie kwa kazi iliyo mbele yetu. Tangazo la tathmini linapotoka gazetini, mna siku 30 za kutoa maoni. Chuo chenye idara ya mazingira kisiache hata tangazo moja la Uasin Gishu, Trans Nzoia na Elgeyo Marakwet lipite bila kulijibu. Wahandisi wa kaunti, mpakani mwa kila kijito pimeni ukanda wa kingo, kati ya mita 6 na 30 kulingana na upana wa mto, kabla ya kuweka vigingi vya barabara. Na ninyi wanafunzi, mvua za Aprili zikianza, kuna mito ya Elgon inayopita chini ya barabara ya Suam ambayo inafikika kwa miguu kutoka lami. Mwende usiku, mkiwa na mwenyeji na ruhusa ya wenye ardhi na ya Shirika la Wanyamapori. Kitridi kimeshapatikana sehemu nyingi za Kenya, na buti lenye unyevu linaweza kukihamisha kutoka mto hadi mto. Kwa hiyo kabla ya kuingia kijito cha pili, sugueni tope lote, suuzeni mabuti kwa maji ya klorini mbali na mto, kisha myaache yakauke kabisa juani. Atakayepiga picha ya chura mwenye visahani vidoleni juu ya mwamba uliolowa asimguse. Aandike mahali, saa na mwinuko, aipeleke picha kwa idara ya amfibia ya Makavazi ya Taifa jijini Nairobi, na nakala moja aipeleke kwa mhandisi wa barabara.